Sura ya Sita: Ujira wa Kuwapigia Wazee

Mwishoni mwa Julai 1942 studio za kurekodia santuri za Marekani zilifanya kazi usiku na mchana. Bendi iliingia, bendi ikatoka, na kampuni zikajiwekea nyimbo za akiba kwa sababu kila mtu alijua kinachokuja. Tarehe 1 Agosti ilipofika, wanachama wa American Federation of Musicians, chama cha wafanyakazi wa muziki cha nchi ile, waligoma kurekodi. Muziki wenyewe haukunyamaza. Waliendelea kupiga kwenye kumbi za dansi, hotelini, na hata redioni moja kwa moja. Walichokataa ni santuri peke yake.

Aliyewaongoza ni James Petrillo, mzaliwa wa Chicago aliyeanza ujana wake kwa kupuliza tarumbeta. Petrillo alikuwa ameshashuhudia jinsi riziki ya watu inavyoweza kukatika ghafla. Kabla ya 1927, kumbi za sinema zilikuwa na wapiga muziki wao, kwa kuwa filamu zilikuwa bubu. Filamu zilipopata sauti, maelfu ya watu hao walipoteza kazi ndani ya miaka michache. Kisha zikaja mashine za kupiga santuri kwa sarafu, zikaenea kwenye baa na mikahawa, na mwenye baa aliyekuwa akiwaajiri watu watatu wapige Jumamosi akaona hana haja nao tena. Hoja ya Petrillo haikuhitaji mkalimani: mpiga muziki anarekodi mara moja, analipwa mara moja, halafu sahani ile ile inakwenda kumnyang'anya kazi yeye na wenzake kila usiku. Alitaka kampuni zitoe kiasi kidogo kwa kila santuri inayouzwa, fedha ziingie katika mfuko, na mfuko uwalipe wanamuziki wapige mbele ya watu bila kiingilio.

Alichukiwa vibaya. Nchi ilikuwa vitani, na mgomo wa wanamuziki ulionekana kama utovu wa uzalendo. Oktoba 1944 Rais Roosevelt mwenyewe alimwomba ausitishe; Petrillo akakataa. Kwa kuwa waimbaji hawakuwa chini ya chama chake, kampuni zilijaribu kurekodi sauti tupu, na ndivyo Frank Sinatra alivyorekodi mwaka 1943 akisindikizwa na kwaya bila chombo hata kimoja. Haikusaidia. Decca ilikubali kulipa mwaka huo huo wa 1943, na Columbia pamoja na RCA Victor zikafuata Novemba 1944. Mwaka 1947 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyokizuia chama kushika fedha za namna hiyo, mgomo wa pili ukazuka Januari 1948, na Desemba ya mwaka huo pande zote zikakubaliana kwamba mfuko ubaki, ila ushikwe na mdhamini asiye wa chama wala wa kampuni. Wa kwanza kupewa dhamana hiyo alikuwa Samuel Rosenbaum wa Philadelphia. Mfuko huo upo hadi leo, unaitwa Music Performance Trust Fund. Anayesikiliza halipi kitu. Anayepiga analipwa. Maonyesho yake hufanyika kwenye bustani, shuleni, hospitalini na katika nyumba za wazee.

Nimeanza na mgomo huu kwa makusudi. Ukimwambia mtu kwamba kuna wanamuziki wanaokwenda kuwapigia wazee katika nyumba wanakotunzwa, picha inayomjia ni ya hisani: kwaya ya kanisa siku ya Krismasi, wanafunzi wa madrasa na kaswida zao siku ya Idi, zawadi za sabuni na sukari, picha ya pamoja, kwaheri. Sina neno na hisani. Lakini hisani huja kwa msimu, na mzee anakaa mle mwezi wa tatu, mwezi wa saba, mwezi wa kumi. Wale wapiga tarumbeta wa mwaka 1942, walipokuwa wakipigania tonge lao, waliacha nyuma yao utaratibu ambao hisani haijawahi kuuweza: mtu anakuja Jumanne kwa sababu Jumanne ni zamu yake na mshahara wake umo humo. Kuwapigia wazee ni kazi. Ina ujuzi wake, ina makosa yake, na ina haki ya ujira. Sura hii inahusu kazi hiyo.

Saa zenyewe si za tamasha. Mara nyingi ni saa nane au saa tisa mchana, baada ya chakula, kabla ya jioni kuingia, kwa kuwa wenye maradhi ya kupotewa na kumbukumbu huanza kuhangaika jua linapoelekea kuchwa. Ukumbi ni sebule ya wote: viti vya magurudumu, viti vya kuegemea, televisheni ukutani, harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Muuguzi anapita na sinia la vidonge. Simu inalia mapokezi. Mmoja amelala, mwingine anauliza kwa mara ya kumi kama mwanawe amefika. Mwanamuziki aliyezoea jukwaa, mwanga na makofi huingia mle akajiona hana pa kusimama.

Na kweli hapaswi kusimama. Hilo ndilo jambo la kwanza wenye uzoefu wanalowafundisha wageni. Aliye kwenye kiti cha magurudumu humwona mtu aliyesimama kuanzia kifuani kwenda juu, na shingo ya miaka tisini haipendi kutazama juu kwa saa nzima. Kaa, na kaa karibu. Viti vipangwe nusu duara, visipangwe safu safu kama darasani, ili kila mmoja auone uso wa mpigaji na uso wa jirani yake. Televisheni izimwe kabisa; kuipunguza sauti hakutoshi. Waamkie watu mmoja mmoja kabla ya kufungua kasha la chombo.

Halafu kuna masikio. Uzee huanza kuchukua sauti nyembamba, zile za juu, na konsonanti za maneno hupotea pamoja nazo. Mzee husikia kwamba mtu anaimba bila kuambulia anachoimba. Vifaa vya kusaidia kusikia vilitengenezwa hasa kwa ajili ya mazungumzo, na wengi wanaovivaa husema muziki ukipita humo unatoka umepinda. Kwa hiyo kuongeza sauti si dawa, na spika kubwa katika sebule ndogo ni mateso. Kinachosaidia ni kushusha wimbo kwenye sauti nene, kupunguza kasi kidogo, kutamka, na kuuacha mdomo uonekane. Kushusha kuna faida ya pili: sauti za wazee wenyewe zimeshashuka. Wimbo ukiachwa palepale mwimbaji kijana alipouzoea, wao watabaki wasikilizaji tu, hali wanaujua kuliko yeye.

Lakini ujuzi mkubwa kuliko wote ni wa kuchagua nyimbo, na hapa ndipo wema wa wengi unapopotea njia. Watafiti wa kumbukumbu wamelithibitisha mara nyingi jambo ambalo kila familia inalijua: mtu mzima hukumbuka zaidi mambo ya ujana wake, tangu kubalehe hadi kukaribia miaka thelathini, kuliko mambo ya miaka iliyotangulia au iliyofuata. Nyimbo za wakati huo hubaki na mtu. Kwa hiyo kabla ya kupiga lazima upige hesabu. Mama aliyezaliwa Morogoro mwaka 1943 alikuwa na miaka kumi na minane mwaka wa Uhuru. Nyimbo zake ni za Salum Abdallah na Cuban Marimba, pengine Fadhili William kutoka Nairobi, pengine vijana wa NUTA Jazz walioanza mwaka 1964. Ukimletea Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928, umemletea nyimbo za bibi yake. Atazisikiliza kwa heshima, nazo ni hazina, lakini si alizochezea siku aliyokutana na mumewe.

Kosa hilo limeenea Ulaya na Marekani pia. Kwa miaka mingi wapiga piano wa nyumba za wazee walishika nyimbo zile zile za wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakasahau kwamba wakazi wanaondoka na wapya wanaingia. Mkazi mwenye miaka 75 mwaka 2025 alizaliwa mwaka 1950. Muziki wake ni Beatles na Motown. Anakaa meza moja na mwenye miaka 95, ambaye yeye ni kizazi cha mama yake, na watu wanawaita wote wawili kwa neno moja, wazee, kana kwamba kuanzia miaka sabini watu wote wana umri mmoja. Mpigaji mzuri huuliza: ulizaliwa wapi, ulifanya kazi gani, dansi lenu lilikuwa wapi. Akikosa wa kumjibu, humwuliza mtoto wake au mhudumu. Halafu anakwenda kujifunza wimbo mpya kwa ajili ya mtu mmoja. Sijui heshima kubwa kuliko hiyo anayoweza kupewa mtu aliyekwishazoea kulishwa chakula asichokichagua, kwa saa asiyoichagua.

Kuchagua kunaendana na kukataa. Wapo wasiopenda muziki, wapo wasiopenda muziki huo, wapo wanaoumizwa nao. Wimbo wa harusi kwa mjane wa mwezi mmoja, wimbo wa jeshi kwa aliyezika ndugu vitani, wimbo wa kanisa kwa aliyeachana na kanisa kwa sababu zake. Mzee akilia, si kila chozi linahitaji kufutwa, na si kila chozi ni ushahidi kwamba muziki umefanya kazi yake vizuri. Wenye uzoefu hupunguza sauti, humtazama, huacha mhudumu aliye karibu ashike mkono, na huwa tayari kuugeuza wimbo. Akitaka kutolewa, atolewe mara moja bila kubembelezwa abaki. Katika ukumbi wa mjini msikilizaji asiyeridhika hunyanyuka akaenda zake. Aliye kwenye kiti cha magurudumu kilichofungwa breki hana uwezo huo, na mpigaji asiyelijua hilo anawapigia mateka.

Makofi nayo ni haba. Mkono mmoja umepooza, mwingine umevimba kwa baridi yabisi. Jibu huja kwa njia nyingine: kidole kinachogonga mkono wa kiti, unyayo ndani ya soksi, midomo inayokwenda na maneno bila sauti. Kuna walionyang'anywa usemi na kiharusi, hawawezi kuomba maji, lakini wimbo ukianza wanatamka beti nzima. Madaktari wamelijua hilo tangu karne ya kumi na nane, na tangu miaka ya 1970 wataalamu wa Boston wamekuwa wakilitumia kufundisha usemi upya, wakipitisha sentensi za kila siku katika mahadhi ili ulimi upate pa kushika.

Mwaka 2015 watafiti wa Leipzig, Ujerumani, walichapisha kazi iliyogusa swali hili kwa karibu. Waliwachunguza kwanza vijana wenye afya ili kuona ni sehemu zipi za ubongo zinazoamka mtu anaposikia wimbo anaoufahamu tangu zamani, kisha wakatazama hali ya sehemu hizo kwa wagonjwa wa Alzheimer. Zilikuwa miongoni mwa zile ambazo ugonjwa ulikuwa umezila kidogo kuliko nyingine. Huenda ndiyo maana mtu aweza kulisahau jina la mkewe na asisahau kiitikio.

Hata hivyo sitaki kumuuzia msomaji miujiza. Mwaka 2012 ilisambaa duniani video ya mzee wa Kimarekani aliyekuwa ameinamisha kichwa, kimya, hadi alipovalishwa hedfoni zenye nyimbo alizozipenda. Akafumbua macho, akaimba, akazungumza. Video ile ilikuwa kipande cha filamu iitwayo Alive Inside, iliyotoka mwaka 2014, kuhusu kazi ya Dan Cohen, mtu wa ustawi wa jamii wa New York aliyepeleka vifaa vya kuchezea muziki kwenye nyumba za wazee. Mimi pia ilinitoa machozi. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown walipoupima mpango huo katika nyumba 54, hawakuona upungufu wa maana katika fadhaa ya wagonjwa kwa kipimo walichokuwa wamekichagua. Na mwaka 2018 wachambuzi wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya tafiti na kuzipima kwa pamoja, walihitimisha kwamba tiba zinazotumia muziki yaelekea hupunguza huzuni kwa wenye ugonjwa wa kusahau, lakini hazina athari kubwa katika akili na kumbukumbu zenyewe. Muziki haumrudishi mtu alikotoka. Anayewaahidi watoto wa mgonjwa kwamba utamrudisha anawadanganya, na uongo huo huwafanya waache kuja pale usipotimia.

Utafiti ninaourejea zaidi ni wa Melbourne, Australia, uliochapishwa mwaka 2022. Wakazi 318 wa nyumba za wazee, wote wenye ugonjwa wa kusahau pamoja na dalili za sonona, waligawanywa kwa makundi. Wengine walipewa tiba ya muziki katika vikundi vidogo, wengine waliimba katika kwaya, wengine vyote viwili, wengine waliendelea na matunzo ya kawaida. Waliopungukiwa na sonona ni wa kwaya. Ile tiba ya vikundi vidogo, yenye utaalamu zaidi, haikuonyesha tofauti. Ninavyouelewa mimi, huzuni ya nyumba hizo ina sehemu kubwa ya kutohesabiwa: mtu aliyekuwa fundi, mwalimu, mama mwenye nyumba, sasa ni chumba namba fulani. Kwenye kwaya anahesabiwa tena. Sauti yake ikikosekana, upande wake unapwaya na jirani yake anageuka kumtazama.

Hapo ndipo hedfoni na mtu aliyekaa mbele yako na gitaa zinapoachana. Wimbo uliorekodiwa haumsubiri mzee anayetafuta neno. Mwanamuziki aliye hai humsubiri. Anaona midomo imechelewa, anairudia ile sehemu, mara mbili, mara tatu, mpaka neno lipatikane. Petrillo hakuwa akiwawaza wagonjwa alipopigana na santuri. Aliwawaza watu wake na kodi zao za nyumba. Alichokuwa akikitetea ndicho hiki.

Waingereza waliufikia utaratibu wao kwa njia nyingine. Julai 1945, miezi mitatu tu baada ya kambi ya Bergen-Belsen kukombolewa, mpiga fidla Yehudi Menuhin alikwenda huko pamoja na Benjamin Britten kwenye piano, wakawapigia manusura. Miaka thelathini na miwili baadaye, mwaka 1977, Menuhin na Ian Stoutzker walianzisha shirika la Live Music Now. Huwachuja wanamuziki vijana kwa usaili mkali, huwafundisha namna ya kukaa na wasikilizaji wasiofika kwenye kumbi, kisha huwapeleka kwenye nyumba za wazee na shule za watoto wenye mahitaji maalumu, kwa malipo. Usaili huo naupenda kwa moyo wote. Unatangua dhana kwamba wazee wanatosheka na yeyote. Mpigaji asiyefaa kwa ukumbi wa London hafai pia kwa sebule ya mtu wa miaka 88, ambaye huenda alikuwa akienda kumbini miaka hamsini.

Cleveland, jimbo la Ohio, walikwenda mbali zaidi. Makao ya wazee yaitwayo Judson Manor yaliwakaribisha wanafunzi wa chuo cha muziki cha mji huo waishi humo humo bila kodi, na kodi yao ikawa ni kuwapigia wakazi. Mwanafunzi akifanya mazoezi ya chelo, jirani yake wa miaka 90 anasikia kupitia ukutani ni wapi anapokwama, na wanapokutana kwenye lifti anamwuliza kama ile sehemu imekaa sawa. Ni ujirani huo ambao onyesho la mara moja haliwezi kuujenga.

Thamani ya yote haya ilionekana wazi mwaka 2020, nyumba za wazee zilipofungwa kwa sababu ya korona na vifo vikawa vingi ndani yake kuliko karibu mahali pengine popote. Watoto waliwapungia wazazi wao kupitia vioo. Katika miji mingi wanamuziki, ambao nao kumbi zao zilikuwa zimefungwa, walisimama kwenye ua na bustani wakapiga chini ya madirisha.

Mambo haya yanatuhusu sisi kwa njia ambazo pengine msomaji hajazifikiria. Nyuma ya vile viti vya magurudumu vya Marekani na Uingereza, mara nyingi anayesukuma ni mtu wetu. Mji wa Lowell, Massachusetts, una jamii kubwa ya Wakenya, na wengi wao wanafanya kazi za uuguzi na matunzo. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitiliana saini mkataba wa kupeleka wauguzi. Wahudumu hao wanajua kuimba wakimwogesha mgonjwa, wamelelewa hivyo. Na sasa kizazi cha kwanza cha wahamiaji wetu wenyewe kinazeeka huko. Ugonjwa wa kusahau ukimpata mtu aliyejifunza Kiingereza ukubwani, mara nyingi Kiingereza ndicho kinachotangulia kuondoka. Mzee wa Kiunguja aliyeishi Uingereza nusu karne anaweza kuamka siku moja hana lugha ya kumwomba mhudumu kikombe cha chai, na mpiga piano akaja na nyimbo za Beatles zisizomgusa, wakati kinachomkaa kifuani ni kanuni na udu.

Nyumbani tunaona haya kulizungumza jambo hili, kwa kuwa tumeambiana kwamba wazee wetu hatuwapeleki popote. Lakini Unguja kuna nyumba za wazee za Sebleni na Welezo, Dar es Salaam kuna Nunge huko Kigamboni, na Nairobi masista wanawatunza wazee wasio na watu. Wanaoishi humo si hadithi. Wengi walikuja mjini kutafuta kazi, hawakujaliwa watoto, au waliwazika watoto wao.

Na sisi tuna desturi moja ambayo Cleveland hawana. Kwenye taarabu msikilizaji hakai kimya akingoja wimbo uishe. Ubeti ukimgusa, hunyanyuka, hutembea hadi kwa mwimbaji kwa madaha, humtunza noti mbele za watu, na wote wanaelewa kwamba amesema jambo. Kutunza ni kuzungumza. Lau ningepewa kupanga onyesho Sebleni, ningehakikisha kila mkazi ana noti mkononi kabla ya fidla kuanza, na aliye kwenye kiti cha magurudumu ana mtu wa kumsukuma hadi mbele kwa mwendo anaoutaka yeye. Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, aliimba hadi karibu na kifo chake mwaka 2013, akiwa na umri ambao hakuna aliyeweza kuuthibitisha, na hakuna aliyethubutu kumwambia akae apumzike. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1905, kiko mjini hapo hapo Unguja. Umbali si kisingizio.

Linabaki swali la fedha, na hapo nirudi Ulaya kidogo. Giuseppe Verdi alipokuwa mzee tajiri aliwaona waimbaji waliowahi kuimba opera zake wakizeeka katika ufukara. Akanunua kiwanja Milan, akamwajiri msanifu Camillo Boito, akajenga nyumba ya wanamuziki wazee. Aliihesabu kuwa ndiyo kazi yake nzuri kuliko zote. Hakutaka ifunguliwe akiwa hai, asije akashukuriwa. Alifariki Januari 1901, wakazi wa kwanza wakaingia Oktoba 1902. Yeye na mkewe Giuseppina wamezikwa humo. Ndani kuna piano kila upande, na wakazi huimbiana. Filamu ya Daniel Schmid ya mwaka 1984, Il Bacio di Tosca, inawaonyesha masoprano wa zamani wakiigiza vifo vya jukwaani kwenye korido, kwa sauti zilizochakaa na ufundi usiochakaa. Siku hizi wanafunzi wa muziki nao wanapangiwa vyumba humo. Kwa miaka sitini hivi nyumba iliendeshwa na mirabaha ya opera za Verdi, hadi hakimiliki ilipokwisha.

Mirabaha iliyolisha nyumba nzima kwa miaka sitini ndiyo wanamuziki wetu wa dansi waliyoikosa. Kwa miongo kadhaa, mahali pa kurekodia Tanzania palikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi iliingia studio, ikarekodi, ikapewa kilichokuwepo, na kanda zikahifadhiwa. Nyimbo hizo, zilipendwa, zimepigwa redioni mpaka leo maelfu kwa maelfu ya mara. Ni malalamiko yale yale ya Petrillo, neno kwa neno: kurekodi mara moja, kulipwa mara moja. Kati ya waliorekodi miaka ya 1960 na 1970 na ambao bado wako hai, wengi wanakaribia miaka themanini au wameipita, na wengi wanaishi kwa kuchangiwa.

Ninachokipendekeza si kikubwa. Sehemu ndogo ya fedha zinazokusanywa kwa nyimbo zao itengwe, ishikwe na mdhamini mwaminifu, iwalipe wapige gitaa na saksafoni katika nyumba za wazee mara mbili kwa mwezi, mchana, saa nane, na nauli ya teksi juu yake kwa sababu vyombo ni vizito na magoti yao si ya kupanda daladala. Wanaweza kufuatana na vijana wawili watatu wanaotaka kujifunza mitindo ile kutoka kwenye mikono iliyoianzisha. Hawahitaji mafunzo ya kuchagua nyimbo. Kila wimbo ambao mama yule wa Morogoro wa mwaka 1943 atauomba, wao au wenzao ndio walioupiga siku aliyoucheza.